Dakika, Saa na Miaka: Taratibu za Kibiolojia za Uvimbe wa Mzio katika Njia za Hewa na Umuhimu Wake katika Kuifafanua Pumu kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua taratibu za kibiolojia zinazoleta uvimbe wa mzio katika njia za hewa, kwa kuzingatia zaidi pumu ya mzio. Hoja inayojengwa ni kwamba ugonjwa huu huenda kwa kasi tatu tofauti ndani ya mwili mmoja: kasi ya dakika, ambayo hutawaliwa na seli za masti, kasi ya saa, ambayo hutawaliwa na seli T na eosinofili, na kasi ya miaka, ambayo hubadili umbo la njia ya hewa yenyewe. Kiswahili cha kila siku kina msamiati wa kutosha kwa kasi ya kwanza, lakini msamiati wake kwa zile mbili nyingine ni mchache. Makala yanaonyesha kwamba pengo hilo si la kilugha tu, kwa kuwa dawa inayofungua kifua kwa dakika chache haigusi kile kinachoendelea kwa saa nyingi. Aidha, makala yanajadili namna maambukizi ya minyoo yanavyoathiri tafsiri ya vipimo vya mzio barani Afrika, na yanapendekeza njia ya kuufafanua ugonjwa huu kwa Kiswahili bila kupotosha biolojia yake.

Istilahi muhimu: mzio, pumu, uvimbe, kingamwili IgE, seli za masti, eosinofili, njia za hewa

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa pumu anapoeleza hali yake kwa Kiswahili, mara nyingi husema kwamba kifua kimembana. Kauli hiyo ni sahihi. Inaeleza kwa usahihi mkazo wa misuli laini inayozunguka mirija ya hewa, na inaeleza pia hisia ya mtu anayejitahidi kutoa pumzi bila kufaulu. Hata hivyo, kauli hiyo inahusu tukio lenye mwanzo na mwisho: kifua kinabana, kisha kinaachia. Kinapoachia, lugha haina tena la kusema, na mgonjwa hujiona mzima.

Biolojia ya ugonjwa inaeleza habari tofauti. Kifua kinapoachia, ukuta wa mirija ya hewa unaweza kuwa bado umevimba, umejaa seli za kinga zilizoitwa kutoka kwenye damu, na uko tayari kubana tena kwa sababu ndogo kuliko ile ya kwanza. Mgonjwa anayeacha dawa ya kuzuia uvimbe kwa sababu hajisikii kubanwa hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anafuata mantiki ya neno alilopewa. Kwa hiyo, kuufafanua uvimbe wa mzio kwa Kiswahili ni kazi ya kitaaluma yenye matokeo ya moja kwa moja kwa uhai wa watu.

Makala haya yanaanza kwa kuweka wazi istilahi na msingi wa kihistoria, kisha yanafuata mfuatano wa ugonjwa wenyewe: namna mwili unavyojifunza kukikosea kitu kisicho na madhara, mwitiko wa dakika, mwitiko wa saa, na mabadiliko ya miaka. Sehemu mbili za mwisho kabla ya hitimisho zinajadili suala la minyoo na uhusiano wa taratibu hizi na tiba.

2.0 Istilahi na Msingi wa Kihistoria

Neno uvimbe katika Kiswahili cha kawaida hutaja kitu kinachoonekana au kushikika: jipu, kifundo kilichoteguka, au uvimbe wa saratani. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa maana ya hali ya tishu ambamo mishipa midogo ya damu hupanuka, maji huvuja kutoka ndani yake, na seli za kinga huingia na kumwaga kemikali zake. Uvimbe wa namna hii katika njia za hewa hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono, na hilo ni sehemu ya ugumu wa kuueleza.

Mzio, au aleji, ni mwitiko wa kinga dhidi ya kitu ambacho kwa watu wengine hakileti madhara. Vitu hivyo huitwa hapa vichochezi vya mzio. Baadhi yake ni utitiri wa vumbi la nyumbani, mende, chavua za nyasi, ukungu na magamba ya ngozi ya paka. Dhana ya mzio ilipewa jina na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906. Alitambua kwamba kinga inayomlinda mtu na kinga inayomdhuru zinatokana na chanzo kimoja, yaani mwili uliobadilika baada ya kukutana na kitu fulani mara ya kwanza.

Kilichobadilika katika mwili kilibaki fumbo hadi mwaka 1921, wakati Carl Prausnitz na Heinz Küstner walipochapisha jaribio walilofanyiana wao wenyewe. Küstner alikuwa na mzio wa samaki; Prausnitz hakuwa nao. Majimaji ya damu ya Küstner yalipodungwa katika ngozi ya Prausnitz, na kesho yake dondoo ya samaki ikadungwa mahali palepale, ngozi iliumuka na kuwasha. Hivyo ilithibitika kwamba mzio unaweza kuhamishwa kwa kitu kilichomo ndani ya damu, na kwamba kitu hicho hushikamana na tishu na kubaki humo. Kitu hicho kilitambuliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige Ishizaka na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na S. G. O. Johansson na Hans Bennich nchini Uswidi. Mwaka 1968 kilikubaliwa kuwa aina ya tano ya kingamwili na kuitwa imunoglobulini E, kwa kifupi IgE.

3.0 Mwili Kujifunza Kukosea

Hatua ya kwanza ya ugonjwa haina dalili. Mtu huvuta hewa yenye kichochezi cha mzio kwa wiki, miezi au miaka, na hakuna kinachotokea cha kuonekana. Ndani yake, hata hivyo, kinga inajifunza.

Mfano mzuri ni utitiri wa vumbi, hasa ule unaoitwa Dermatophagoides pteronyssinus. Mdudu huyu ana urefu wa takribani theluthi moja ya milimita. Hula magamba ya ngozi ya binadamu, huishi katika magodoro, mito na mazulia, na kwa kuwa hanywi maji bali huyafyonza kutoka kwenye hewa, hustawi mahali penye unyevu. Kinachosababisha mzio zaidi ni vinyesi vyake, ambavyo hupeperuka kitanda kinapotandikwa au godoro linapokung'utwa. Ndani ya vinyesi hivyo mna kimeng'enya kiitwacho Der p 1, ambacho kazi yake ya asili ni kumeng'enya protini katika utumbo wa mdudu huyo.

Kimeng'enya hicho kinapotua katika njia ya hewa hakipotezi tabia yake. Tabaka la ndani la mirija ya hewa, yaani epithelia, limejengwa kwa seli zilizobanana na kufungwa pamoja kwa protini maalumu, mfano wa mawe ya ukuta yaliyoshikwa kwa chokaa. Der p 1 hukata protini hizo za kufungia, na ukuta hupata nyufa. Seli za epithelia zilizojeruhiwa hazikai kimya. Hutoa saitokini za tahadhari, zikiwamo TSLP, interlukini 33 na interlukini 25. Hizi ndizo taarifa za kwanza kwamba mpaka umevunjwa.

Taarifa hizo hupokewa na makundi mawili ya seli. Kundi la kwanza ni seli za limfu za asili za kundi la pili, ambazo ziliainishwa kwa ukamilifu mwaka 2010. Seli hizi hazihitaji kujifunza kichochezi ni kipi. Zikisikia tahadhari tu, huanza kutoa interlukini 5 na interlukini 13. Kundi la pili ni seli za dendriti, ambazo hukaa chini ya epithelia zikiwa na matawi yanayopenya kati ya seli. Seli ya dendriti humeza kichochezi, hukikatakata, na kukipeleka hadi kwenye tezi ya limfu iliyo karibu, ambako hukionyesha kwa seli T ambazo bado hazijapewa kazi.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Seli T ileile inaweza kuelekezwa kwenye kazi mbalimbali kulingana na saitokini zinazoizunguka. Mwaka 1986, Timothy Mosmann na Robert Coffman walionyesha kwa seli za panya kwamba seli T saidizi zina angalau makundi mawili yanayotofautiana kwa saitokini zinazozitoa. Katika mazingira yenye interlukini 4, seli hugeuka kuwa za kundi la pili, yaani Th2. Kundi hili kwa asili ni la vita dhidi ya minyoo. Kwa mtu mwenye mzio, kundi hilo huandaliwa dhidi ya kinyesi cha utitiri kana kwamba ni mnyoo.

Seli za Th2 hutoa interlukini 4 na interlukini 13, ambazo huamuru seli B kubadili aina ya kingamwili zinazotengeneza na kuanza kutengeneza IgE. Kingamwili hii ni chache mno katika damu na hudumu humo kwa siku mbili hivi tu. Lakini inaponasa katika vipokezi vyake vilivyo juu ya seli za masti, hubaki humo kwa wiki nyingi. Seli za masti hukaa katika ngozi, utumbo na kuta za njia za hewa. Hatua ya kwanza inapokamilika, seli hizo huwa zimevikwa maelfu ya IgE zilizolengwa kwa kichochezi kimoja. Mtu bado hajakohoa hata mara moja, lakini silaha zimekwisha kupakiwa.

4.0 Mwitiko wa Dakika

Mfano wa kufikirika unaweza kusaidia kufuata hatua zinazofuata. Mtoto mwenye mzio wa utitiri anakung'uta godoro la sufi saa 12 jioni. Baada ya dakika chache anaanza kukohoa, kifua kinatoa mlio wa filimbi, na pumzi inakuwa fupi.

Kilichotokea ni hiki. Kichochezi kimeingia na kushika IgE mbili au zaidi zilizo jirani juu ya seli moja ya masti, na hivyo kuziunganisha. Muungano huo ndio ishara. IgE moja ikishikwa peke yake haitoshi. Ni lazima vipokezi vivutwe pamoja. Ishara hiyo inapopita, seli ya masti humwaga vifuko vyake vilivyojaa histamini na vimeng'enya, jambo linalochukua sekunde hadi dakika. Wakati huohuo seli huanza kutengeneza kemikali mpya kutoka kwenye mafuta ya utando wake, hasa lukotrieni na prostaglandini D2.

Lukotrieni zilijulikana kwa miongo kadhaa kwa tabia yake kabla ya kujulikana kwa umbo. Wataalamu waliziita kitu kinachokaza misuli polepole, kwa sababu mkazo wake ulichelewa na kudumu kuliko ule wa histamini. Umbo lake lilifafanuliwa na Bengt Samuelsson na wenzake mwaka 1979. Kiwango kidogo sana cha lukotrieni hubana njia ya hewa kuliko kiwango sawa cha histamini, na ndiyo sababu dawa za kuzuia histamini, zinazosaidia sana mafua ya mzio na vipele vya kuwasha, hazitoshi kutibu pumu.

Kemikali hizi hufanya mambo matatu kwa pamoja. Hukaza misuli laini, hupanua na kutoboza mishipa midogo ya damu hata maji yavuje na kuujaza ukuta wa njia ya hewa, na huchochea seli za ute kumwaga makohozi mazito. Yote matatu hupunguza upenyo wa mrija. Athari yake si ndogo kama inavyoweza kudhaniwa. Hewa inapopita kwa utulivu katika mrija, ukinzani huongezeka kwa kipeo cha nne cha upungufu wa nusu kipenyo. Mrija ukipungua nusu kipenyo chake mara mbili, ukinzani huongezeka mara 16. Kwa hiyo uvimbe mdogo wa ukuta katika mirija midogo ya mtoto unatosha kuleta hatari kubwa.

Mwitiko huu hufikia kilele chake kati ya dakika 15 na 30, kisha hupungua ndani ya saa moja hadi tatu. Mtoto wa mfano huu akipewa dawa ya kuvuta ya salbutamol, hupata nafuu mapema zaidi, kwa sababu salbutamol hushika vipokezi vilivyo juu ya misuli laini na kuilegeza. Saa 2 usiku mtoto anacheza. Kifua kimeachia.

5.0 Mwitiko wa Saa

Saa 6 usiku mtoto huyohuyo anaamka akikohoa. Godoro halikukung'utwa tena. Wazazi wanaweza kusema kwamba ni baridi ya usiku au kwamba dawa haikuwa na nguvu. Maelezo ya kibiolojia yako katika kile kilichoanza saa 12 jioni na kuendelea bila sauti.

Seli za masti, pamoja na kumwaga histamini, hutoa pia kemikali za wito. Prostaglandini D2 huwaita seli za Th2 na eosinofili. Saitokini nyingine huziamuru kuta za ndani za mishipa ya damu kuotesha molekuli za kunasa, ambazo seli nyeupe zinazopita hunaswa nazo, zikapunguza mwendo, zikasimama, kisha zikajipenyeza kati ya seli za mshipa na kuingia katika ukuta wa njia ya hewa. Interlukini 5 husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuharakisha uzalishaji wa eosinofili. Kazi hii yote huhitaji muda. Ndiyo sababu mwitiko wa pili huanza baada ya saa tatu au nne, hufikia kilele kati ya saa ya sita na ya kumi na mbili, na unaweza kudumu siku nzima au zaidi. Hautokei kwa kila mgonjwa, lakini kwa wale ambao hutokea ndio unaobeba sehemu kubwa ya ugonjwa.

Eosinofili zilielezwa na Paul Ehrlich mwaka 1879, na zilipata jina lake kwa sababu chembechembe zake hunywa rangi nyekundu ya eosini. Ndani ya chembechembe hizo mna protini zenye sumu, zilizokusudiwa kuharibu ngozi ya mnyoo mkubwa usioweza kumezwa na seli moja. Zinapomwagwa katika njia ya hewa, huharibu epithelia. Seli za epithelia hubanduka na miisho ya neva iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi. Kwa upande wake, interlukini 13 huzigeuza seli nyingi zaidi za epithelia kuwa seli za ute, na huifanya misuli laini kuwa tayari kukaza kwa sababu ndogo.

Matokeo yake ni hali ya wepesi wa kubana kupita kiasi. Moshi wa kuni, harufu kali ya rangi, hewa baridi, kicheko au mbio fupi, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na IgE, sasa yanatosha kubana kifua. Kwa siku kadhaa baada ya tukio moja, njia ya hewa hubaki katika hali hiyo. Hapa ndipo ugumu wa kumtafuta mchawi wa pumu unapotokea: mgonjwa husema kwamba moshi ndio unaomdhuru, na ni kweli, lakini moshi umekuta mlango ambao utitiri uliufungua siku tatu zilizopita.

Ni vyema kusisitiza kwamba eosinofili si mhusika pekee. Mwaka 2000 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kingamwili dhidi ya interlukini 5 iliyotolewa kwa wagonjwa wenye pumu isiyo kali. Eosinofili zilipungua sana katika damu na makohozi, lakini mwitiko wa saa na wepesi wa kubana havikubadilika kwa kiasi cha maana. Matokeo hayo yalizua shaka kubwa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2009, ambazo zilichagua wagonjwa wenye pumu kali na eosinofili nyingi, zilionyesha kwamba tiba hiyohiyo hupunguza mashambulizi makali. Kwa hiyo eosinofili zina uzito mkubwa katika mashambulizi ya baadhi ya wagonjwa, lakini hazitoshi kueleza kila kubana kwa kifua.

6.0 Mabadiliko ya Miaka

Jeraha linalojirudia kabla halijapona huacha kovu. Kanuni hii inayojulikana kwa ngozi inahusu pia njia ya hewa. Seli za epithelia zinazojeruhiwa mara kwa mara hutoa kemikali za ukarabati, na seli zilizo chini yake huweka nyuzi za kolajeni kupita kiasi. Tabaka lililo chini ya epithelia hunenepa, misuli laini huongezeka, mishipa mipya ya damu huota, na tezi za ute hutanuka. Baadhi ya mabadiliko haya yameonekana hata katika vipande vya njia za hewa vilivyochukuliwa kwa watoto wa umri wa shule. Maana yake ni kwamba kasi ya miaka haisubiri uzee.

Uchunguzi wa miili ya watu waliofariki kwa pumu umeonyesha mara nyingi mirija iliyozibwa kabisa kwa vizibo vya ute mzito uliochanganyika na seli. Kizibo cha namna hiyo hakilegezwi na dawa inayolegeza misuli. Huu ni ushahidi mzito kwamba kubana si ugonjwa wote.

7.0 Minyoo, IgE na Tafsiri ya Vipimo

Ikiwa kinga ya Th2, IgE na eosinofili ni silaha za vita dhidi ya minyoo, basi swali linazuka kuhusu jamii ambazo minyoo bado ni ya kawaida. Jibu si rahisi.

Utafiti uliofanywa Lambaréné nchini Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wa shule wenye kichocho cha mkojo walikuwa na mwitiko mdogo wa ngozi dhidi ya utitiri kuliko wenzao wasio nacho, na kwamba tofauti hiyo ilihusiana na saitokini ya kutuliza kinga, interlukini 10. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnyoo unaoishi miaka mingi mwilini hunufaika kwa kuituliza kinga ya mwenyeji wake, na utulivu huo huigusa pia kinga ya mzio. Hata hivyo, jaribio kubwa lililofanywa katika jamii za wavuvi wa visiwa vya Koome katika Ziwa Victoria nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, lililinganisha vijiji vilivyopewa dawa za minyoo mara nyingi na vijiji vilivyopewa kwa utaratibu wa kawaida kwa miaka mitatu. Mlio wa filimbi kifuani na viashiria vya mzio havikuongezeka katika vijiji vilivyotibiwa zaidi. Kwa hiyo hakuna msingi wa kuogopa kwamba kuwatibu watoto minyoo kutawaletea pumu.

Funzo la kivitendo liko katika vipimo. Kiwango kikubwa cha IgE kwa jumla, au wingi wa eosinofili katika damu, katika hospitali ya wilaya Afrika Mashariki kinaweza kumaanisha mzio, minyoo, au vyote viwili. Hata IgE maalumu kwa kichochezi fulani inaweza kupotosha. Miongoni mwa watoto wa Ghana, watafiti walikuta IgE dhidi ya karanga kwa watoto wasio na dalili zozote wanapokula karanga. Sehemu kubwa ya IgE hiyo ilielekea kuwa imelengwa kwa minyororo ya sukari inayopatikana kwa minyoo na kwa mimea pia, na ilikuwa dhaifu katika kuzichochea seli kumwaga histamini. Kuwapo kwa IgE si ugonjwa. Ugonjwa ni kile IgE inachokifanya. Kipimo husomwa pamoja na historia ya mgonjwa.

8.0 Kutoka Taratibu hadi Tiba na Lugha

Tofauti kati ya dakika na saa ilithibitishwa kwa uwazi katika jaribio la Cockcroft na Murdoch lililochapishwa mwaka 1987. Wagonjwa walewale walivuta kichochezi cha mzio baada ya kupewa dawa mbalimbali. Salbutamol ilizuia mwitiko wa dakika, lakini haikuzuia mwitiko wa saa wala wepesi wa kubana uliofuata. Beklometasoni, ambayo ni steroidi ya kuvuta, ilifanya kinyume: dozi moja haikuzuia mwitiko wa dakika, lakini ilizuia mwitiko wa saa na wepesi wa kubana.

Sababu yake inafahamika. Steroidi huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, na kwenda kwenye kiini ambako huzima jeni nyingi za saitokini za uvimbe. Kazi ya jeni huchukua saa na siku; haihisiwi kifuani papo kwa papo. Mgonjwa anayetathmini dawa kwa kipimo cha kifua kuachia atahitimisha kwamba salbutamol ni dawa ya kweli na steroidi haifanyi kazi. Hitimisho hilo ni la kimantiki lakini ni la hatari. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA uliacha, mwaka 2019, kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Tiba mpya za kingamwili zinazolenga IgE, interlukini 5, kipokezi cha interlukini 4 na 13, na TSLP zinafuata ramani ileile iliyoelezwa katika sehemu zilizotangulia, ingawa bei yake bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi.

Ikumbukwe kwamba si kila pumu ni ya mzio. Ipo pumu isiyo na IgE wala eosinofili nyingi, na katika hiyo steroidi husaidia kidogo zaidi. Maelezo ya makala haya yasipanuliwe kuifunika.

Kuhusu lugha, pendekezo ni kutenganisha maneno mawili katika kila maelezo ya pumu: kubana na kuvimba. Kubana ni kwa misuli, hutokea kwa dakika, na huachia kwa dawa ya kufungua. Kuvimba ni kwa ukuta, huendelea kwa saa na siku hata kifua kikiwa kimya, na hutulizwa na dawa inayotumiwa kila siku au kwa utaratibu uliopangwa na daktari. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili cha kawaida, yanaeleweka bila kamusi, na yanalingana na biolojia. Mfano wa kidonda unaweza kuongezwa: maumivu yakiisha kidonda hakijafunga.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefuata uvimbe wa mzio kutoka kwenye ufa wa epithelia hadi kwenye kovu la njia ya hewa. Imeonekana kwamba silaha zilizokusudiwa kwa minyoo huelekezwa kwa vumbi. Kwamba seli za masti huleta tukio la dakika. Kwamba seli T na eosinofili huleta tukio la saa ambalo mgonjwa halisikii likianza. Na kwamba kurudiarudia kwake hubadili umbo la mirija. Imeonekana pia kwamba vipimo vya mzio katika mazingira yenye minyoo vinadai uangalifu, na kwamba dawa mbili kuu za pumu hufanya kazi mbili tofauti zisizoweza kubadilishana nafasi.

Mtoto wa mfano aliyeamka saa 6 usiku hakuugua upya. Alikuwa akiumwa tangu saa 12 jioni, na muda wote aliokuwa akicheza ukuta wa njia zake za hewa ulikuwa ukivimba. Mzazi anayelijua hilo ataendelea kumpa mtoto dawa ya kutuliza uvimbe kesho asubuhi, kifua kikiwa kimeachia.